Mume wangu anauliza nimevitoa wapi virusi hivi

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 36 na watoto watatu. Kliniki wamenipaka siki kwenye mlango wa kizazi, wakaona alama nyeupe, wakanifanyia tiba mgando (kugandisha kwa baridi kali) siku hiyohiyo. Muuguzi alisema ni virusi vya HPV, vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Tangu hapo mume wangu hanisemeshi, anataka kujua nimevitoa wapi. Je, nina saratani? Nimekosa nini?
Mama Watatu, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mumeo, maana naona ndiye anayekukosesha usingizi. Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha HPV iliingia lini wala ilitoka kwa nani. Huambukizwa kwa kujamiiana, ndiyo, lakini hukaa kimya mwilini miaka mingi, na mwanamume anaweza kuwa nayo asione dalili yoyote. Huenda uliipata kabla hamjaoana, huenda yeye ndiye aliyekuja nayo. Nimekaa sana katika chumba cha uchunguzi, na inaniuma kuona ndoa ikivunjika kwa swali ambalo hata maabara haina jibu lake. Msomee haya.

Alama nyeupe peke yake si saratani. Siki hugandisha protini, na seli zilizobadilika zina protini nyingi kuliko wenzao, ndiyo maana zinaonekana nyeupe.

Zimebadilikaje? Kirusi hupenya kwenye mchubuko mdogo hadi seli za chini kabisa. Kwa watu wengi kinga ya mwili hukiondoa ndani ya miaka 2. Kikibaki, hasa aina ya 16 na 18, hutengeneza protini mbili, E6 na E7. E6 huishika p53, protini inayosimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika, na kuifanya ivunjwe. E7 huidhoofisha Rb, inayozuia seli kugawanyika ovyo. Makosa hurundikana. Seli alizotolewa Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, kule Baltimore, Marekani, mwaka 1951 bado zinaishi maabara, zikiwa na HPV 18 ndani. Watafiti walipozima E6 na E7, ziliacha kugawanyika.

Safari hiyo ya kufika kwenye saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Mwenye VVU asiyetibiwa hufika haraka zaidi, kwa hiyo pima na hiyo pia. Wewe umeshikwa mapema, na eneo limeshatibiwa.

Kutokwa maji maji kwa wiki kadhaa ni kawaida. Homa, harufu mbaya au damu nyingi, rudi hospitali usingoje. Tendo la ndoa lisubiri mwezi mzima, au muda waliokupangia kliniki. Baada ya mwaka mmoja ukapimwe tena, hata ukijisikia mzima kabisa.

Kama kati ya hao watatu yupo binti wa miaka 9 hadi 14, mpeleke akachanjwe dhidi ya HPV. Tangu 2024 ni dozi moja tu, na haina malipo.