Re: Nimepewa umeneja wa mradi, wenzangu hawanisikilizi na mimi sio bosi wao

Mkuu mleta mada nimekuelewa. Uko Lindi, shirika limekupa mradi, mhasibu na jamaa wa manunuzi na injinia wote mko cheo kimoja, mhasibu kakuzidi umri mbali tu, kazi zimekwama, na sasa unataka uanze kumkopi mkurugenzi kwenye kila imeli ili watu washtuke. Subiri kwanza. Mi nipo Mtwara muda mrefu kwenye miradi ya maji vijijini, Tandahimba na Newala huko, nikujibu kwa nilivyoona.

Hao watu wana sahihi zao wanazilinda. Mhasibu akisaini malipo, mkaguzi akija anayekalishwa kitini ni yeye, wewe saa hiyo uko saiti unapigwa upepo. Wa manunuzi jina lake ndo lipo kwenye LPO, ile hati ya kuagiza mzigo kwa muuzaji. Sasa wewe unafika na haraka zako za mradi, hujui huyu mtu anaogopa nini, unaona anakubania. Ukishajua anaogopa kuulizwa nini, nusu ya kazi imeisha.

Kuna kipindi injinia wetu na dada wa manunuzi walikuwa hawasalimiani kabisa. Bomba hazijaja, kila kikao injinia analalamika manunuzi wanauchelewesha mradi, dada anajibu leta maombi yaliyokamilika, basi kikao kinaishia hapo tunakunywa chai. Nikaenda kwa dada nikamwomba anionyeshe hiyo karatasi yenyewe. Imeandikwa "bomba za plastiki inchi mbili" na idadi, mwisho. Wauzaji watatu wameleta bei zimepishana vibaya mno maana mmoja kapiga hesabu ya PN 10 mwingine PN 16, na dada wa watu hajui kipi ni kipi, akichukua ya bei ndogo ndo kafuata utaratibu. Na huku uwanda wa Makonde maji yanapandishwa kutoka bondeni, PN 10 inabeba presha ya bar 10, yaani kama maji yaliyosimama mita 100 kwenda juu, PN 16 inafika mita 160 hivi. Ile nyepesi ukiilaza chini ya mlima inaweza kupasuka siku hiyohiyo mnafungua maji na kijiji kizima kimekuja kushuhudia. Injinia hayo anayo kichwani, anaona kila mtu anajua.

Sikumwandikia mtu imeli. Nilimfuata injinia saiti nikamwambia kaka, yule dada anaogopa kununua bomba litakalopasuka halafu aulizwe yeye, muandikie mstari mmoja wa presha na kipenyo kwa milimita. Akaandika palepale juu ya boneti ya gari. Nilivyoirudisha karatasi dada akaisoma, akasema "kumbe ndo hivi tu?" na maombi ya bei yakaenda upya kwa wauzaji.

Mhasibu naye hivyohivyo, na hapa ndo wengi tunagombana. Unarudi kijijini na vikaratasi vya daftari, mama ntilie kawapikia vibarua, kijana kakusombea mchanga na toyo, hamna risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hata moja, unamrundikia mezani halafu Jumatatu unataka masurufu mengine, hela ya kwenda nayo kazini. Atakukatalia na ana haki zote. Kabla hujasafiri kaa naye umuulize, mzee nikimlipa mtu asiye na mashine, wewe unapokea karatasi gani? Kwetu tulikubaliana jina kamili, namba ya simu, kazi aliyofanya, sahihi yake na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Kelele zikaisha. Na ile asilimia 5 ya kodi ya zuio inayokatwa kwenye malipo ya huduma mwambie mtoa huduma siku mnapatana bei, usimwache aje aigundue kwenye dirisha la mhasibu maana atamtukana mhasibu, na mhasibu atakukumbuka wewe.

Halafu kakuzidi umri kwahiyo shikamoo itangulie, na umfuate mezani kwake, sio ile ya kupita koridoni simu iko sikioni. Wazee wa ofisi za huku hawana shida kijana kuwa meneja, wanachochukia ni kutajwa mbele za watu kwamba wamekwamisha. Ukiwa na jambo lake litoe mkiwa wawili kabla ya kikao, kikaoni yeye mwenyewe ndo aliseme kama lake. Hata kama wazo ni lako mwachie, utakula nalo wapi.

Kumkopi mkurugenzi mara ya kwanza inafanya kazi, sikatai. Ya pili na wao wanaanza kumkopi mkurugenzi dhidi yako, ya tatu hakuna anayekuambia kitu kwa mdomo, kila jambo linasubiri maandishi. Kama limewashinda kweli mwambie mwenzako waziwazi, hili limetushinda mimi na wewe, twende wote kwa mkurugenzi leo mchana. Mara nyingi linaishia mlangoni.

Kingine ni kalenda, hii ratiba zinazotoka Dar hazijui kabisa. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba malori yote yanasomba mzigo wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kwenda maghalani, vibarua wapo mashambani kwao wanaokota, na ukizembea kidogo Desemba mvua hiyo. Miezi ya kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, nayo usiite mtu asubuhi, salfa inapulizwa alfajiri umande ukiwepo, ita mchana. Afisa jamii wetu alikuwa analisema hili kila mwaka na hakuna anayemsikiliza kwa sababu fungu lake kwenye bajeti ni dogo (ofisini mwenye fungu dogo hata akipiga kelele haisikiki, sijui kwa nini tuko hivi). Mi nikamwambia yeye ndo aanze kupanga miezi ya kuchimba mitaro, wengine tufuate. Injinia akanuna. Mitaro ilipoisha kabla ya mnada wa kwanza akawa yeye ndo anamtetea afisa jamii vikaoni. Na hao wenzako usisahau na wao wana mikorosho, mtu akiomba likizo Novemba usijifanye hujui anakwenda wapi, malipo makubwa yamalize mapema.

Grupu la WhatsApp liwe la kupeana taarifa za gari na safari, madai ya mtu mmoja usiyapeleke mle.

Hilo wazo lako la kuwatoa wote wakale pweza ni zuri, watoe tu, ila usitegemee vocha itasainiwa kwa sababu ya pweza. Jumatatu anza na huyo wa manunuzi, usiende na lawama, nenda na yale maombi yaliyokwama mkononi umuulize hapa kinakosekana nini ili uweze kusaini. Akishakwambia njoo uandike hapa, kwa sababu kama ni speki ni kazi ya injinia, ila kama atakwambia fungu la bajeti halipo hiyo ni habari nyingine na itabidi mkae watatu, wewe, yeye na mhasibu.