Maonyesho ya Wachoraji Maktabani: Niliyojifunza kwa Kuharibu

Siku moja utaitwa ofisini, wewe uliyepangiwa kitengo cha watoto, uambiwe: "Andaa maonyesho ya wachoraji wetu wa vitabu vya watoto, wiki tatu zinatosha." Hazitoshi. Nimeandaa maonyesho ya namna hiyo mara nne katika maktaba ya mkoa, na ya kwanza sipendi kuyakumbuka, ila nitayasimulia ili usiyarudie.

Anza na rafu, ukuta usubiri. Toa vitabu vyote vya picha vya Kiswahili, kaa navyo sakafuni, ufungue ukurasa wa hakimiliki, kimoja baada ya kingine. Jalada litakupa jina la mwandishi. La mchoraji utalikuta limebanwa huko ndani kwa herufi za kuumiza macho, na vingine havilitaji kabisa. Nikiwa katikati ya kuwalaumu wachapishaji, nikafungua katalogi yetu. Mwandishi yupo, mwaka upo, idadi ya kurasa ipo, hata urefu wa kitabu kwa sentimita upo. Mchoraji hayupo. Na kadi kadhaa mwandiko ni wangu! Kitabu cha kurasa 24, kila ukurasa sentensi mbili na picha iliyojaa hadi ukingoni, halafu aliyechora ndiye tuliyemwacha nje.

Basi wiki ya kwanza nzima ni ya kusaka majina. Wapigie wachapishaji. Watafute waandishi wakongwe, hasa waliopitia Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza hapa Tanzania 1991. Wengi wanakumbuka nani alichora nini. Na ukishampata mchoraji mmoja, umewapata watatu, maana wanajuana. Wa kwanza kumpata nilimkuta kwenye kibanda akiandika bango la duka la dawa. Nilipomtajia kitabu chake alishusha brashi: "Kumbe bado kipo?" Kipo, nikamwambia, kimeshonwa mara mbili kwa kuazimwa.

Jina si fadhila. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mchoraji kama inavyomlinda mwandishi, na kutajwa kuwa kazi ni yake ni haki yake. Kwa hiyo usichukue picha ya kitabu ukaipachika kwenye bango la matangazo au fulana bila ruhusa ya maandishi, hata kama bosi anasema "tunamtangaza bure".

Michoro yenyewe sasa. Omba ile aliyoishika kwa mkono wake, usiridhike na kurasa zilizotolewa kopi. Mzee mmoja alituletea yake imeviringishwa ndani ya kanga, kanga ndani ya kiroba cha unga. Mchoro mmoja ulikuwa wa mbuzi sokoni. Ukiutazama kutokea ubavuni, mwanga ukiupitia kwa mshazari, unaona tumboni rangi nyeupe nene kuliko kwingine, na chini yake kivuli cha mguu wa tano. Mimi sikuuona. Aliuona mtoto wa darasa la tatu, akapiga kelele: "Alikosea, akafuta!" Asubuhi nzima foleni ikawa hapo. Kwenye kitabu kilichochapwa huo mguu haupo. Mbuzi yuko safi kama alizaliwa hivyo. Tangu siku hiyo naomba na rasimu za penseli, karatasi za kujaribia rangi, hata kile kijitabu cha mfano ambacho mchoraji hukunja ili apange picha ipi ikae ukurasa upi. Anayechorea kwenye kompyuta naye ana hatua zake. Mwombe akuchapie nne au tano za picha ileile.

Jihadhari na wageni watakaotaka kila kitu kiwe Tingatinga. Ni mtindo wetu wa uchoraji, tunajivunia tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyefariki 1972, na umetupa John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ambaye vitabu vyake vya picha vimesomwa hadi Uswisi. Lakini wapo wa wino mtupu, wapo wa rangi ya maji, wapo waliotokea kwenye katuni za magazeti. Wote waingie.

Kuhusu tarehe: utasukumwa uchague tarehe 2 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto. Tarehe nzuri, msimu mbaya. Aprili ni masika, karatasi zinavuta unyevu, zinajikunja, na mwambao zinaota ukungu. Fanya hotuba Aprili ukipenda, michoro tundika kipupwe, shule zikishafunguliwa Julai.

Selotepu usiiguse. Mara ya kwanza niliibandika nyuma ya mchoro wa rangi ya maji, na kuubandua nikaondoka na utando wa karatasi. Mwenyewe alisema "haina neno, mwanangu", na hilo ndilo lililoniumiza. Siku hizi nakata kona ndogo za karatasi safi, nazibandika kwenye kadibodi, mchoro unachomekwa humo bila gundi kuugusa. Rangi ya maji iweke mbali na dirisha linalopigwa jua.

Na kimo! Ile mara ya kwanza tulitundika usawa wa macho ya mgeni rasmi. Alikaa dakika kumi na mbili, nilihesabu. Watoto walikaa siku tisa wakitazama kwato. Piga magoti mbele ya ukuta: macho yako yanapofika, hapo ndipo katikati ya picha.

Halafu bajeti. Utakuta fungu la turubai, viti, keki na spika, na kwa mchoraji imeandikwa "cheti". Anatoka mbali, anachora mbele ya watoto kwa muda wa saa tatu, anarudi na cheti. Gombana mapema, kabla bajeti haijasainiwa: nauli, chakula na posho yake. Fungu la keki lipunguzwe ikibidi.

Mwishoni rudisha kila mchoro kwa daftari, mwenyewe asaini, kisha keti urekebishe katalogi. Kwangu ilichukua karibu mwezi. Wiki moja baadaye yule wa darasa la tatu alikuja kaunta, akauliza kama tunacho kingine cha "babu wa mbuzi". Niliandika jina la mchoraji kwenye kompyuta, nikabonyeza. Vikatokea vitano, viwili vimeazimwa.