Jicho limerudi kuona, lakini dawa bado anazihitaji

Pole sana, dada, na mdogo wako mpe pole. Umeuliza kama bado ana haja ya dawa za MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva) wakati jicho lililofifia mwezi jana sasa linaona.

Haja ipo. Mayelini ni utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva, kama plastiki juu ya waya wa umeme. Kwenye MS, kinga ya mwili huushambulia utando huo. Uvimbe ukishuka, kuona hurudi, lakini ugonjwa upo palepale. Madoa mapya ya ugonjwa kwenye ubongo yanaweza kutokea kimyakimya na kuonekana kwenye picha za MRI tu. Sindano za steroidi zilikuwa za kuharakisha nafuu. Dawa hizi za muda mrefu ndizo hupunguza mashambulizi yajayo.

Akitembea juani au akioga maji ya moto jicho likafifia tena, msitaharuki. Joto huzuia ujumbe kupita vizuri kwenye neva iliyovuliwa mayelini. Apumzike kivulini, itapita. Dalili mpya ikizidi saa 24, arudi kwa daktari wa neva.

Kabla hajaanza dawa hizo za muda mrefu, ulizeni kama alipimwa damu kutafuta kingamwili zinazoshambulia akwaporini-4, protini moja ya mwili. Kingamwili hizo ni ishara ya ugonjwa mwingine, NMO (neuromyelitis optica), unaofanana sana na MS, na baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Vitamini B12 nayo ipimwe, maana upungufu wake huharibu mayelini na unatibika.

Na yule jirani uliyemtaja, anayeuza maji ya mitishamba, mwambieni asante, basi.