Makabrasha yanatoka lini? Kwa wadogo zangu mnaoanza kazi halmashauri

Wiki iliyopita nimemsikia mmoja wenu, simtaji, akimjibu mkazi kwenye simu: "Shimo la barabarani? Sawa mama, tutalishughulikia." Nusura niruke meza. Tutalishughulikia na nini? Sisi ni halmashauri ya wilaya, hatuna hata kijiko cha lami. Yule mama atasubiri wiki mbili, kisha atampigia diwani wake, na diwani atanipigia mimi. Huu ni mwaka wangu wa tisa ofisi ya kamati, kwenye manispaa moja ya huku Uingereza, na kila anayekuja anajikwaa palepale alipojikwaa mwenzake. Kwa Kiingereza nimeshasema mpaka nimechoka. Sasa nawaandikia kwa Kiswahili, labda kitaingia.

1. Jueni kipi chetu na kipi cha kaunti. Mliotoka Kenya, wekeni kando kaunti ya gavana, hii ni nyingine: halmashauri kubwa iliyo juu yetu, yenye wilaya kadhaa ndani yake. Barabara, shule, maktaba, huduma za wazee na wagonjwa wasiojiweza: kaunti. Nyumba, vibali vya ujenzi, leseni, daftari la wapiga kura, kukusanya kodi ya halmashauri: sisi. Mapipa tunazoa sisi, lakini taka zikishatoka kwenye gari letu ni mzigo wa kaunti. Serikali ilitangaza Desemba 2024 kwamba inataka ngazi hizi mbili ziwe moja, kwa hiyo mtaulizwa kila siku ajira yenu itakuwaje. Jibuni kwamba mapipa yatazolewa Jumanne kama kawaida.

Kwenye kodi ndipo tunapotukanwa bure. Ankara ina nembo yetu, ila fungu nono linakwenda kaunti, polisi wanachukua lao, nasi tunabaki na ukoko. Mkazi akiuliza kwa nini fleti yake iliyojengwa juzi imepangiwa daraja la kodi kwa thamani ya Aprili 1991, msicheke. Mimi nilicheka, nikaletewa malalamiko ya maandishi.

2. Meya si bosi. Tangu 1974 manispaa zetu ni wilaya kama wilaya nyingine, ila zina hati ya kifalme, na kwa hati hiyo mwenyekiti wa baraza huitwa meya. Huvaa mkufu, hukata utepe, mwaka ukiisha humpisha mwenzake. Mwenye sauti ni kiongozi wa halmashauri na wenzake wachache wa baraza la utendaji. (Watford ni habari nyingine, kule meya huchaguliwa na wananchi na ndiye mtendaji.) Wiki yangu ya kwanza nilimwandikia meya wetu kuomba uamuzi kuhusu maegesho ya magari. Nikaanza na "Mheshimiwa Meya", nikaongeza na heshima zote nilizofunzwa Tanga. Akanijibu kwa upole kwamba atafurahi sana kuja kuyafungua yakiwa tayari.

3. Siku tano. Hapa kaeni vizuri.

Mnaijua sheria: makabrasha ya kikao yawe wazi kwa umma siku tano kamili kabla. Siku ya kuyatoa haimo, siku ya kikao haimo, Jumamosi na Jumapili hazimo, sikukuu hazimo. Mnaikariri kama sala. Nami niliikariri.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili, kamati ya mipango miji, ombi kubwa la fleti ambalo mtaa mzima ulikuwa unalipinga. Kikao Jumatano, wiki inayofuata Pasaka. Nilitoa makabrasha Jumatano iliyotangulia. Kwa vidole: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Sita! Nikajipongeza kwamba nimewahi kwa siku moja. Sisi ndio watu ambao lugha yetu ina siku mbili zenye tano ndani yake, Jumatano kwa Kibantu na Alhamisi kwa Kiarabu, na bado tano ikanishinda.

Alhamisi usiku niko nyumbani nakaanga samaki, redio inasema kesho ni Ijumaa Kuu. Mwiko ukasimama mkononi. Ijumaa Kuu haihesabiki. Jumamosi na Jumapili hazihesabiki. Jumatatu ya Pasaka haihesabiki. Nilibaki na Alhamisi na Jumanne. Mbili.

Nilivyofanya baada ya hapo ndivyo ninavyoona haya kuvisimulia. Nilikuwa na namba ya mwanasheria wa halmashauri. Ningempigia usiku uleule, kikao kingeahirishwa Jumanne asubuhi kimyakimya. Badala yake nikageuza samaki. Nikajiambia nani atahesabu? Pasaka nzima nilikula nisijue ninachokula. Jumanne nilikwenda kazini, nikasalimia, nikanywa chai, nikachapa majina ya madiwani ya kuweka mezani. Nilimpita yule mwanasheria kwenye ngazi mara mbili, na mara zote mbili tuliongea habari za mvua.

Jumatano saa tano asubuhi ikaja barua pepe ya mzee mmoja mstaafu. Mnamjua mzee wa aina hiyo, kila manispaa inaye: safu ya pili, kalamu tatu mfukoni, kanuni za kudumu amezipigia mistari. Sentensi moja tu, makabrasha yalitoka siku gani? Nakala kwa mwanasheria. Mwanasheria, mama yule, akaniita, akanisogezea kalenda ya mezani, akasema, "Hebu hesabu." Nikahesabu mbele yake kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Nilipofika mbili nikanyamaza. Nikabahatisha: mwenyekiti hawezi kusema ni suala la dharura? Akavua miwani. "Dharura ni ya halmashauri," akasema. "Hii ni yako." Kisha akauliza nimejua lini. Nilidanganya, nikasema sasa hivi. Hadi leo sijui kama aliniamini, na mwaka juzi amestaafu nami nimesaini kadi yake ya kuagwa bila kumwambia.

Nilipigia madiwani kumi na mmoja, mmoja mmoja. Jioni nilisimama mlangoni kwenye manyunyu nikiwarudisha wakazi ambao hawakuona tangazo. Bibi mmoja alikuja kwa teksi, na hotuba yake ya dakika tatu kaiandika kwa mkono kwenye karatasi za barua za rangi ya waridi. Akanisomea palepale kizingitini. Nilisikiliza yote. Wiki 13 za kuamua ombi zilikuwa zinakatika, ikabidi tumwombe mwenye ombi aongeze muda, la sivyo angekata rufaa kwamba tumeshindwa kuamua. Aliongeza, kwa barua baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri.

Mkikosea hesabu, nipigieni usiku huohuo. Hata kama nakaanga samaki.

4. Kwenye muhtasari andikeni kilichoamuliwa, si nani alimjibu nani.

5. Diwani mwenye malimbikizo ya kodi ya miezi miwili hapigi kura ya bajeti: mkumbusheni faraghani, kabla ya kikao.

6. Bajeti mwisho tarehe 11 Machi, na kifungu cha 114, yaani tangazo la mkuu wa fedha kwamba matumizi yatazidi fedha zilizopo, si cha kutaniana nacho naye. Woking, manispaa ya saizi yetu, ilikitoa Juni 2023.

7. Daftari la mahudhurio mlilinde. Diwani asiyehudhuria kikao chochote kwa miezi sita mfululizo hupoteza kiti, labda baraza likubali sababu zake kabla miezi haijatimia. Nimewahi kumkimbilia mmoja hadi maegesho, na viatu vya kisigino, kwa kuwa alikaa kikao kizima akasahau kusaini. Akadhani nataka kumuaga.

8. Ninyi wenyewe mmejiandikisha? Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda mwenye kibali cha kukaa hapa anapiga kura, ni watu wa Jumuiya ya Madola. Mrundi na Mkongo wangoje uraia. Mnashinda mkiandikisha wenzenu na majina yenu hayamo. Na siku yenyewe nendeni na kitambulisho cha picha, tangu Mei 2023 hakuna kujuana. Ila kugombea udiwani kwenye halmashauri inayokulipa mshahara, hapana, tusianze.

Sasa jaribio. Kamati ya leseni inakaa Jumatano, siku mbili baada ya ile Jumatatu ya mwisho wa Mei ambayo ni sikukuu. Makabrasha yatoke mwisho siku gani? Atakayepata nitamletea kaimati.

Mmoja ameshanijibu kabla sijamaliza kuandika: "Jumanne, dada."

Jumanne! Rudi namba tatu.