Kasi ya kumbukumbu ya konsoli: iliyoandikwa na inayopatikana

Swali: Maelezo ya konsoli ya gemu ya PS4 yanataja kasi ya kumbukumbu ya GB 176 kwa sekunde. Je, gemu huipata kweli?

Jibu: Haliipati, kwa sababu namba hiyo ni zao la kuzidisha wala si kipimo. PS4 ina njia 256 za data, kila moja ikipitisha biti bilioni 5.5 kwa sekunde. Zidisha, kisha gawa kwa 8 ili kupata baiti, utafika 176. Hesabu hiyo inachukulia kwamba njia hazitulii hata kidogo, ilhali chipu za GDDR5, yaani aina ya kumbukumbu iliyomo ndani ya PS4, hulazimika kusita mara kwa mara ili kuhuisha chaji zake, kufungua safu nyingine ya data, au kugeuka kutoka kusoma kwenda kuandika. Kugeuka huko kunafanana na daraja jembamba la gari moja: upande wa pili hauruhusiwi kuingia mpaka wa kwanza umalizike, na kwa muda huo daraja liko tupu. Isitoshe, prosesa kuu na ile ya picha hunywa kisima kimoja.

Swali: Xbox One, konsoli ya Microsoft, ilitangaziwa GB 204 kwa sekunde. Mbona haikuishinda PS4?

Jibu: Kasi hiyo ilikuwa ya ESRAM, kumbukumbu ndogo ya MB 32 iliyomo ndani ya chipu, na ilipatikana kwa kuhesabu kusoma na kuandika kwa pamoja; kwa upande mmoja ilikuwa 109. Mwaka 2013 Microsoft yenyewe ilieleza kwamba programu halisi zilifikia kati ya 140 na 150. Kumbukumbu yake kuu, ya aina ya DDR3, iliishia 68. Tabaka moja la picha ya 1920 kwa 1080, kwa baiti 4 kila nukta, huchukua takriban MB 7.9, hivyo manne hujaza ESRAM karibu yote na la tano hukosa pa kukaa.

Swali: Xbox Series X ina kumbukumbu ya GB 10 za kasi ya GB 560 kwa sekunde na GB 6 za kasi ya 336. Nikizijumlisha kasi hizo na kugawa kwa mbili napata 448, sawa kabisa na PS5. Je, ziko sawa?

Jibu: Hesabu yako ni sahihi katika hali moja tu, yaani pale muda unaotumika katika sehemu hizo mbili unapolingana. Ajabu ni kwamba hali hiyo ipo: ukisoma GB zote 16 mara moja, GB 10 kwa kasi ya 560 huchukua sekunde 1/56, na GB 6 kwa kasi ya 336 huchukua vivyo hivyo. Lakini sidhani kama kuna gemu linalosoma namna hiyo. Kiasi cha data kikilingana pande zote, wastani hushuka hadi 420, kwa kuwa upande wa polepole hula muda mwingi zaidi. Na tisa ya kumi ya data ikitoka upande wa kasi, hupanda hadi 525. Watengenezaji huweka picha upande wa kasi, na sauti pamoja na msimbo upande mwingine, kwa hiyo mimi ningeiamini zaidi 525 kuliko 448.

Swali: Kama wastani wa matumizi uko chini ya kilele, kwa nini gemu hukwama moshi unapotanda kwenye skrini?

Jibu: Kwa fremu (picha kamili) 60 kwa sekunde, PS5 ina milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na kwa kasi ya kilele inaweza kupitisha takriban GB 7.5 katika muda huo. Tuseme gemu linatumia GB 4 tu. Kwa wastani ni kama nusu. Hata hivyo, moshi huchorwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka husoma nukta zilizokwisha kuandikwa na kuziandika upya. Hatua iliyotengewa milisekunde 3 ikihitaji GB 2, itachukua karibu 4.5 hata kwa kasi kamili, na nafasi iliyobaki wazi mwanzoni mwa fremu haiwezi kuwekwa akiba kwa ajili yake.