Krediti za CLEP zitakufikisha masta?

Sisi tunaosoma Marekani huku tukipiga shifti za usiku tuna hesabu moja kichwani: shahada ya kwanza inataka krediti 120, yaani vipimo vya masomo uliyofaulu, na kila krediti ina bei yake. Ndiyo maana wengi tunakimbilia mitihani ya CLEP (ukifaulu unapata krediti ya somo bila kukaa darasani), kozi za mtandaoni za Sophia na Study.com, au komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili) ya jirani. Mimi nilichanganya vyote, nikamalizia Thomas Edison State University kule New Jersey, chuo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya watu wazima, kisha nikaomba masta ya afya ya jamii na nikapata. Tangu hapo kila anayenipigia simu ana wasiwasi uleule: watu wa udahili wakiziona hizo krediti za mtihani, si watanidharau?

Hapana. Wanaanza na chuo kilichokupa shahada, na kama ithibati yake inatambulika, geti umeshalivuka. Thomas Edison na Excelsior, chuo kingine cha watu wazima, zina ithibati ya Middle States, chombo hichohicho kinachoikagua Princeton. Kamati ina mafaili mengi mno ya kusoma. Haitahangaika kujua kama historia ya mwaka wa kwanza uliisomea darasani au uliimaliza kwa mtihani wa dakika 90.

Kasheshe iko kwenye GPA, wastani wa alama zako. CLEP inasahihishwa kwa alama 20 hadi 80, na ukifikisha 50 vyuo vingi vinakupa krediti, lakini kwenye transkripti, rekodi rasmi ya masomo yako, huandikwa kwamba umefaulu, basi. Hakuna A wala B. Ukijaza krediti 90 za aina hiyo, GPA yako inabebwa na masomo machache mno, na C moja tu inaiporomosha. Halafu walimu wa masta wanatafuta alama za masomo yaliyo karibu na fani yao. Kwenye afya ya jamii, somo hilo ni takwimu. Ningeweza kulipata kwa bei ya kutupa mtandaoni. Nikaona heri nikae darasani komyuniti koleji muhula mzima, na A niliyotoka nayo ilinisaidia kuliko krediti zangu zote za CLEP. Kwa hiyo za mtihani ziende kwenye masomo ya jumla. Ya fani yako, hasa ya ngazi za juu, yasome mahali panapotoa alama ya herufi.

Anayetaka udaktari asijaribu mkato kabisa kwenye baiolojia, kemia na fizikia. Vyuo vingi vya udaktari havipokei CLEP kwa masomo hayo. Vinataka darasa na maabara yake.

Kuna na barua za mapendekezo, ambazo watu huzikumbuka mwisho. Programu nyingi huomba tatu, na kompyuta ya chumba cha mtihani haikujui. Tafuta kozi mbili tatu zenye profesa, hata kama ni za mtandaoni, na umzoeshe jina lako: uliza maswali, nenda saa zake za ofisi. Sisi tuliofundishwa kwamba mwalimu hasumbuliwi hili linatupa taabu sana. Profesa wa huku akikuona umekaa kimya hasemi una adabu. Hana tu la kuandika.

Nidokeze na hili, kwa kuwa wengi hawalijui: mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha za kigeni, upo hata wa Kiswahili, na vipo vyuo vinavyoutolea krediti. Ulizia chako kabla ya kulipa.

Transkripti usifiche hata moja. Vyuo vingi vya uzamili vinataka ya kila mahali ulipowahi kusoma, hata pale ulipofeli somo ukahama. Na mwenye nia ya kurudi Tanzania azihifadhi zote, maana shahada ya nje hupelekwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kutambuliwa.

Kabla hujalipa ada ya maombi, iandikie ofisi ya udahili swali moja la wazi: “Somo hili nililipata kwa mtihani wa CLEP. Je, mnalikubali kama sharti la kuingia kwenye programu yenu?” Usiridhike na jibu la simu. Wakijibu kwa barua pepe, ihifadhi, uiambatishe kwenye maombi yako.