Kabla hujachora grafu ya mashujaa wa katuni, itafute -99

Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye kazi ya kuchunguza kwa grafu jinsi mashujaa wa katuni wanavyochorwa, huenda umeshapakua ile seti ya data ya mashujaa 734 iliyopo Kaggle, tovuti ya kushirikiana data. Ifungue, ila usichore kitu bado. Nenda kwenye safu ya uzito, panga namba kuanzia ndogo. Utakuta -99 imejirudia tele. Ndivyo mjazaji alivyoandika "haijulikani". Mimi sikuangalia. Nilikokotoa wastani, nikachora grafu yangu vizuri, hadi mwenzangu aliponiuliza kwa nini mashujaa wangu wana uzito wa watoto.

Ukishaziondoa hizo, achana na wastani kwa muda. Chora nukta, kila mhusika na yake: urefu chini, uzito pembeni. Galactus, jitu la katuni lenye zaidi ya mita 8, atawasukuma wengine wote kwenye kona, kwa hiyo utatamani kufuta kila aliyezidi kiasi. Usifanye hivyo kwa pupa. Punguza kipimo cha mhimili wa grafu (ule mstari wenye namba), lakini wahusika wabaki kwenye jedwali. Nilipofuta "waliozidi" nilimfuta She-Hulk, mwanamke wa mita 2 na kilo zaidi ya 300, na yeye ndiye niliyemhitaji. Maana jambo lenyewe liko kwenye mtawanyiko: nukta za wanaume zimetapakaa, za wanawake zimejibana mahali pamoja, warefu kiasi na wembamba. Mwanaume anaruhusiwa kuwa pande la mtu, jitu au kibonge, na bado akawa shujaa. Wastani usingekuonyesha hilo hata siku moja.

Kuhusu idadi ya wanaume na wanawake, tumia asilimia. Kwenye data nyingine, iliyotolewa na tovuti ya habari za takwimu FiveThirtyEight mwaka 2014, kampuni ya katuni ya Marvel peke yake ina wahusika zaidi ya 16,000, na wanawake hawafiki theluthi. Pia angalia safu ya mara walizotokea kwenye katuni, maana wahusika hawalingani. Spider-Man ana zaidi ya 4,000, wengine wana 1.

Rangi nazo zina historia yake. Hulk alikuwa wa kijivu mwaka 1962, akageuzwa kijani kwa sababu wino wa kijivu haukutoka sawasawa kiwandani. Na tafadhali, usiwape wanawake waridi na wanaume buluu kwenye grafu yako. Utakuwa umeongeza mtazamo mgando wako juu ya ule unaouchunguza.

Lililonigusa zaidi, kwenye ile seti ya Kaggle, ni mstari wa Storm, shujaa wa kike wa Marvel aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1975, ambaye mama yake katika hadithi ni Mkenya. Nywele: nyeupe. Macho: buluu. Kwenye safu ya asili ameandikwa "myutanti" (aliyezaliwa na uwezo usio wa kawaida), na ya rangi ya ngozi iko tupu. Safu hiyo imejazwa kwa wachache tu, wengi wao wenye ngozi ya kijani, buluu au nyekundu. Yaani swali kubwa kuliko yote kuhusu sura, data hii haiwezi kulijibu, hata uchore kwa ustadi gani.

Ikabidi nirudi kwenye kurasa zenyewe. Nilifungua jedwali jipya lenye safu za ngozi, umbo na mavazi, tukajaza watu wawili kila mmoja kivyake, kisha tukalinganisha. Tulipotofautiana tuliuangalia tena mchoro pamoja. Ni kazi ya wiki kadhaa. Ipangie muda tangu mwanzo.